Printi yangu ya jini la rangi ya machungwa imekatwa sehemu yenye sahihi ya msanii: hii bado ni printi au imekuwa bango tu?

MtotoWaMakadara (Mombasa)

Assalaam aleikum jamaa. Nina swali, lakini mnistahimili nieleze kwanza, maana nikiuliza hivi hivi mtadhani ni mtu mzima analilia karatasi.

Miaka ya tisini, hapa Makadara, nyuma ya duka la mafuta ya taa kulikuwa na kibanda cha gemu. Mashini moja ya Kichina, kaseti moja ya manjano iliyojigamba kuwa na gemu 9999 (zilikuwa kama ishirini, zinajirudia majina tu), na runinga ya Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Shilingi tano, roho tatu, ukifa unampisha mwenzio. Mimi nilikuwa wa Pac-Man. Sisi hatukujua jina hilo, tulimwita Mdomo, na wale wanne wanaomkimbiza tuliwaita majini. Kwa ile runinga, majini yote yalikuwa ya kijivu. Manne, sura moja, rangi moja, hujui lipi ni lipi.

Nimekuja kuona rangi zao nikiwa chuo, kwenye kompyuta ya mwenzangu. Jekundu, la waridi, la samawati, la machungwa. Na si rangi tu, kila moja lina tabia yake! La machungwa, Clyde, likiwa mbali nawe linakufuata, likikaribia miraba nane hivi linageuka na kukimbilia pembe ya chini kushoto. Kule Japani lilipotoka mwaka 1980 tabia yake iliitwa kwa neno lenye maana ya kujifanya hujui kitu. Miaka yote ile nilikuwa nauliwa na majini matatu, la nne lilikuwa linanizuga tu.

Basi ndipo nilipoingia kwenye haya mambo ya printi, zile picha ambazo msanii anachapa toleo la nakala chache, kila moja anaitia namba na sahihi yake. Nilianza kwa kumfuatilia yule Mfaransa anayejiita Invader, anayebandika vigae ukutani kwa sura za Space Invaders, gemu ya 1978. Nilipoona kwamba Mombasa imo kwenye orodha ya miji aliyobandika, pamoja na Paris, London na Tokyo, nilizunguka Mji wa Kale Jumapili mbili nikitazama juu kwenye kona za nyumba mpaka shingo ikakakamaa. Mzee mmoja wa kahawa akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, vigae vidogo vya rangi, vimebandikwa ukutani. Akanielekeza kwa upole kabisa duka la vigae vya bafu.

Printi zake sizimudu, na sitazimudu. Nanunua za wasanii wadogo wa ukutani, wale ambao nakala zao ni hamsini au mia, bei ya kuumiza lakini si ya kuua. Ninazo kumi na moja sasa. Na katika hizo, kilichonifanya nione nimefika ni seti ya majini manne ya msanii mmoja wa Bristol, Uingereza. Ukuta wa matofali, jini moja kila karatasi, mkononi limeshika kopo la rangi ya kupuliza, na rangi inachuruzika kutoka kwenye pindo la jini lenyewe. Sentimita 50 kwa 70, nakala 80. Zilitoka saa mbili usiku kwa saa zetu, binamu yangu yuko Leicester ameshika kadi ya benki, mimi niko kwenye simu naye nampigia kelele. Tulipata zote nne kwa namba moja: 37/80, 37/80, 37/80, 37/80. Yaani kila jini ni nakala namba 37 kati ya 80, seti nzima namba moja; mnaokusanya mnajua uzito wake. Binamu alikuja nazo Disemba ndani ya bomba la plastiki, kalibeba mkononi kwenye ndege kama bunduki.

Sasa kisa. Matatu niliyapeleka kwa fundi fremu, nikasimama pale pale mpaka akamaliza. La nne, la machungwa, nilikuwa na haraka, nikamwachia. Nilipokuja kulichukua lilikuwa limeshatiwa kioo, linapendeza, ila nikaona kuna kitu kimepungua nisijue nini. Nikageuza shingo hivi na hivi. Kile kipande cheupe cha chini hakipo. Kilikuwa na namba upande wa kushoto na sahihi upande wa kulia, zote za penseli. Kimekatwa kwa rula, kimenyooka vizuri sana. Fundi akaniambia kwa furaha: "Fremu ya saizi yako ingebidi nikate mbao mpya. Hii nilikuwa nayo tayari, nimekupunguzia gharama." Na mgongoni ameishikiza kwenye hadibodi kwa gundi nyeupe ya mbao, tone moja kila pembe.

Sikumgombeza. Nilishindwa hata pa kuanzia. Hajanikosea kwa kukusudia, na kazi ya kukata ni safi kuliko ningeweza mimi.

Maswali yangu: (1) Hii bado ni printi ya toleo, au ni bango zuri tu sasa? (2) Naweza kumwandikia msanii anitilie sahihi tena? (3) Ile gundi natoaje?

---

Ngumi_Jiwe

Pauni kwa karatasi ya gemu ya watoto. Piga picha ya hayo mengine matatu, peleka saiba, A3 ya rangi haizidi mia mbili. Unapata hata majini kumi.

---

SkriniKariakoo (Dar es Salaam)

Ngumi Jiwe, hapana mkuu. Mimi nachapa fulana Kariakoo mwaka wa kumi na nne huu, na kazi ya printi hizo na kazi yangu ni ndugu, tofauti ni karatasi na uvumilivu.

Mtoa mada, kachukue kioo cha kukuza, hata kile cha fundi saa. Tazama ukingo wa rangi ya machungwa inapokutana na nyeusi. Ukiona vidoto vidogo vidogo vya buluu, waridi na njano vimechanganyikana, hiyo ni ya mashine ya kawaida. Ukiona rangi moja imelala nzito juu ya nyingine, na ukipitisha ukucha taratibu (kwenye pembe, usiharibu) unahisi kijingazi, basi ni ya skrini. Kila rangi ina skrini yake, kitambaa kimekazwa kwenye fremu, unamwaga wino, unavuta kwa mpira. Umesema ukuta, jini, kopo, mchuruziko: nakisia rangi sita. Sita mara karatasi themanini ni kuvuta mara 480, na kila mara karatasi ikisogea milimita moja imeharibika. Ndiyo maana huchapwa zaidi ya themanini, mbovu zinatupwa, na chache nzuri zinazobaki huandikwa A/P, nakala za msanii mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza: kazi ya mkono haikukatwa na rula. Iko pale pale. Kilichokatwa ni ushahidi wake.

Na jambo ambalo wengi hawalijui: 37 haina maana ilikuwa ya thelathini na saba kutoka. Zikishakauka zinachanganyika kwenye rafu, msanii anaandika namba kwa jinsi anavyozichukua. Wanaolipa zaidi kwa 1/80 wanalipia penseli.

---

MamaTausi (Lamu)

Mwanangu MtotoWaMakadara, pole. Mie hayo magemu siyajui, lakini leso nazijua, nina zaidi ya mia mbili sandukuni na nyingine ni za mamangu.

Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Mji ndiyo hiyo picha ya katikati. Jina ndiyo maneno yaliyoandikwa chini. Hapo ulipo wewe, mji umebaki, jina limekatwa. Na leso huuzwa jozi. Nimewahi kununua kwa mtu leso moja ya zamani sana, maua yake sijayaona tena popote, jina limekatwa kwa kuwa mwenyewe alitoa kitambaa cha kumfunga mtoto. Naipenda. Lakini ikija kuuzwa siwezi kumwambia mtu ilisemaje, na mnunuzi haniamini.

Swali langu moja tu: hicho kipande kilichokatwa kiko wapi? Maana mimi yule mama ningalimkuta siku ile ile, ningalimfungua huyo mtoto.

---

KaratasiUnguja

Nafanya kazi ya kutunza nyaraka Zanzibar. Najibu la gundi, na naunga mkono MamaTausi kabla ya yote: zima simu, nenda kwa fundi sasa hivi. Fundi fremu hatupi karatasi nene. Karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba kwake ni mali, anaitumia kama kabari, au anaandikia vipimo.

Gundi nyeupe ya mbao ikishakauka usijaribu maji, usijaribu mvuke wa birika, usisikilize mtu atakayekwambia mafuta ya taa. Karatasi italegea kabla ya gundi kulegea. Kanuni yetu: pasua ubao, usiguse karatasi. Ilaze picha uso chini juu ya karatasi safi laini, kisha hadibodi ichongwe kutoka mgongoni kidogo kidogo, tabaka kwa tabaka, mpaka ubaki utando mwembamba kwenye yale matone manne tu. Hapo unaacha. Vitone vinne mgongoni havionekani na havimdhuru mtu. Mikwaruzo mbele inaonekana milele.

Usiiache hiyo hadibodi ikae mwaka. Ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, ina asidi, na kwa joto la pwani karatasi itaanza kugeuka rangi ya chai kuanzia pembeni.

Tena gundi pembe nne ni kosa lenyewe, hata bila kukata. Karatasi inanywa unyevu. Masika inatanuka, kaskazi ikipuliza inanywea. Umeifunga pembe zote nne, itatanukia wapi? Inafanya mawimbi katikati. Inashikwa juu tu, sehemu mbili, kwa vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Na isiguse kioo: weka kadi ya pembeni isiyo na asidi iinyanyue. Mombasa kioo kinatoa jasho usiku, na wino wa skrini ukigusana na kioo chenye jasho unanata. Hayo matatu mengine, ulisimama pale, sawa, lakini ulitazama kama kuna nafasi kati ya karatasi na kioo?

---

MtotoWaMakadara

Sikutazama. Ninatazama sasa... la waridi limegusa kioo chote. Ya Rabbi.

Natoka kwenda kwa fundi. Anafunga magharibi.

---

Mswahili_Montreuil (Ufaransa)

Wakati tunamsubiri, niseme la swali la pili, na la huyo Invader, kwa kuwa naishi huku kwao.

Hapa Paris amekuwa akibandika tangu 1998. Wanangu wana ile programu ya simu, FlashInvaders, unapiga picha kigae, simu inakitambua, inakupa pointi kumi mpaka mia. Kwenda sokoni dakika kumi imekuwa saa nzima. Kila kimoja kina jina la mji na namba, PA_ kwa hapa, na sasa Paris peke yake vimepita 1,500. Watu wamejaribu kuvibandua wauze. Mwaka 2017 watu wawili waliovaa vizibao kama wafanyakazi wa jiji walikuwa wakivingoa mchana kweupe, mpaka manispaa ikatoka kusema si watu wake. Lakini wanaambulia nini? Vigae vinavunjika vikitolewa, wanakwenda dukani kununua vingine kuziba mapengo, na mwenyewe haandiki cheti kwa kitu kilichotolewa ukutani. Kigae thamani yake ni ile kona. Kikitoka kwenye kona ni kigae cha bafu, yule mzee wa kahawa wa Mombasa alikuwa sahihi.

Printi ni kinyume. Ukuta wowote sawa, chumba chochote sawa, mji wowote sawa, lakini ule ukanda wa penseli lazima uwepo, kwa sababu hapo ndipo msanii anasema "hii naijua."

Kuhusu kusainiwa upya: mwandikie, mweleze kama ulivyotueleza sisi, na picha. Wengine wanaweka daftari la nani alinunua namba ipi. Lakini usiombe akuandikie 37/80 juu ya picha kana kwamba hakuna lililotokea. Akikubali kusaini, asaini mgongoni na tarehe ya leo, na wewe ukija kuuza useme yote. Printi iliyokatwa na mwenye nayo akasema imekatwa, itauzwa, bei ya chini. Iliyokatwa ikafichwa, siku ikijulikana, hata hizo kumi nyingine watu watazitilia shaka.

---

ForodhaKilindini

Naongeza dogo tu kwa wengine mnaoagiza kwa posta badala ya binamu. Forodha nayo inauliza swali hili hili, kama ni printi kweli au karatasi iliyochapwa tu, kwa njia yake. Kwenye vitabu vya ushuru, printi asilia ziko fungu la 9702, na maelezo yake yanasema ni zile zilizotolewa moja kwa moja kwenye bamba lililotengenezwa lote kwa mkono wa msanii, bila njia ya mashine wala ya picha. Picha nyingine zilizochapwa zinaangukia 4911. Skrini iliyotengenezwa kwa filamu na mwanga, afisa ana haki ya kukwambia hiyo ni 4911, hata iwe na sahihi tatu. Kwa hiyo usiandike tu "sanaa" kwenye fomu ukadhani umemaliza. Weka risiti na maelezo ya jinsi ilivyochapwa. Na usiandike "zawadi, dola tano" kwenye bomba lililokatiwa bima ya pauni mia. Tunasoma.

---

MtotoWaMakadara

Nimerudi. Kaeni vizuri.

Nilimkuta fundi anafagia. Nikamuuliza kile kipande. Akafikiri, akasema hajatupa, karatasi ile ilikuwa nene mno kutupwa (KaratasiUnguja, wewe ni mchawi). Tukatafuta chini ya meza, ndani ya boksi la vipande vya kioo, nikajikata kidole kidogo. Hakuna. Akakaa kwenye kigoda, akafumba macho, akasema: "Picha ya mahafali." Akainuka akashusha ukutani fremu ya binti wa mteja, kavaa joho na kofia, inasubiri kuchukuliwa kesho. Akaifungua mgongo. Picha ilikuwa inacheza ndani ya fremu, kwa hiyo alikuwa ameibana kwa kabari. Kabari yenyewe karatasi nyeupe, imekunjwa mara moja katikati.

Akaikunjua. Kushoto, 37/80. Kulia, sahihi, ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu. Mkunjo umepita katikati pasipo na maandishi, Alhamdulillahi, umbali wa kidole tu na sahihi. Na hapo katikati, juu ya mkunjo, kwa biro ya buluu, mwandiko wa fundi: "50x60, kijana wa majini, baki 300."

Nilikuwa nimesahau. Kweli nilimlipa pungufu siku ile, nikamwambia nitaleta.

Nikampa mia tatu zake. Kisha nikamweleza penseli ile ni nini, polepole, na mambo ya leso aliyosema MamaTausi, na hapo ndipo alipoelewa, uso ukambadilika. Mkewe anauza leso Kongowea. Akasema kesho nilete yote manne, atachonga hadibodi mwenyewe kwa patasi ndogo nikiwa nimekaa hapo, na kadi ya kuinyanyua kutoka kwenye kioo atafutiwa na mtu wake wa Nairobi. Hataki pesa. Tumebishana kuhusu hilo, bado hatujamaliza.

Kipande nimekiweka ndani ya plastiki safi, kati ya vitabu viwili vizito, sijakibandika popote. Nakusudia kikae nyuma ya fremu pamoja na jini lake. Msanii nimeshamwandikia, nimemtumia picha za yote mawili.

Sasa limebaki swali moja, na hili linaninyima usingizi kuliko yale matatu. Ile "baki 300" ya biro. Kuna namna ya kuifuta, au niiache?

---

KaratasiUnguja

Biro haifutiki bila kuchuna karatasi. Iache.

---

MamaTausi

Hata ingalifutika, mwanangu, iache. Na huyo binti wa mahafali mtafutieni kabari nyingine, asije akakuta picha yake inacheza.